Mkanda Pekee Haulipi Kodi ya Nyumba

Ndugu makocha, wazazi wetu, viongozi wa ngumi mliofika, na ninyi mabinti mliokaa hapa mbele na mikoba yenu ya mazoezi miguuni, asalaam aleikum na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie safari ya bingwa mmoja wa kike wa ngumi za kulipwa. Nimemchagua Claressa Shields wa Marekani. Wa kwetu nitawafikia, msiwe na wasiwasi. Nimeanza na Shields kwa sababu huyu mwanamke ameshinda karibu kila kinachoweza kushindwa ndani ya ulingo, na bado imembidi apigane pambano jingine nje ya ulingo, la kulipwa kama mtu anayefanya kazi. Hilo la pili ndilo linalonikera usiku, kwa sababu naliona hapa kwetu kila msimu, na kwetu halina hata refa.

Shields alizaliwa tarehe 17 Machi 1995 katika mji wa Flint, jimbo la Michigan. Flint ndiko kampuni ya General Motors ilikoanzishwa mwaka 1908. Kwa miaka mingi mtu wa Flint alikuwa na uhakika wa kazi kiwandani, kisha viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na watu wakabaki na nyumba wasizoweza kuziuza. Mwaka 2014 mji ukabadilisha chanzo chake cha maji ili kubana matumizi, na maji ya mabomba yakaingia madini ya risasi. Wakazi walilalamika kwa muda mrefu kabla ya kusikilizwa. Wakati huo binti wa mji huo alikuwa tayari ana dhahabu ya Olimpiki kabatini. Nawatajia haya ili mjue ametoka wapi. Marekani si yote ile tunayoiona kwenye sinema.

Baba yake alifungwa jela Claressa akiwa na miaka miwili, akatoka binti akiwa na miaka tisa. Mzee huyo aliwahi kupigana ngumi zisizo rasmi. Siku moja akamsimulia mwanawe juu ya Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, aliyefuata nyayo za baba yake. Mtoto akakaa na maneno hayo, kisha akarudi kuomba apelekwe mazoezini. Baba akakataa, akasema ngumi ni kazi ya wanaume. Binti akanuna, akalia, na baadaye baba akakubali kumpeleka, pengine akidhani atachoka haraka. Alikuwa na miaka 11. Bibi yake pia alisimama naye, na Shields amesema mara nyingi kuwa bibi ndiye aliyemfundisha asikubali kuwekewa mipaka eti kwa sababu ni msichana.

Ukumbi aliopelekwa unaitwa Berston Field House, jengo la zamani la jamii, na kocha aliyempokea ni Jason Crutchfield, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa bondia wa kulipwa. Crutchfield hakuwa amewahi kufundisha msichana. Akamfundisha kama alivyowafundisha wavulana, na baadaye, mambo ya nyumbani yalipokuwa magumu, akamkaribisha aishi na familia yake. Makocha mlioko hapa mnalijua hili. Nusu ya kazi yetu haifanyiki kwenye gunia la mchanga. Inafanyika pale unapouliza, "Umekula nini leo?" na mtoto anaangalia chini.

Mwaka 2012 ngumi za wanawake ziliingia rasmi kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wanaume walikuwa wakishindana humo tangu mwaka 1904. Wanawake walipewa madaraja matatu tu ya uzani, kilo 51, 60 na 75, wakati wanaume walikuwa na madaraja 10. Maana yake ni kwamba mwanamke wa kilo 66 alilazimika ama kujikausha ama kujinenepesha ili apate nafasi. Hapo London, kwenye kilo 75, alikuwepo pia Mkenya wetu Elizabeth Andiego, mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana ngumi za Olimpiki. Alitolewa mapema, na magazeti yakamsahau wiki ileile. Lakini mlango wa Olimpiki kwa wasichana wa nchi hii aliufungua yeye, na ningependa kila binti aliyeko hapa alijue jina lake kabla ya kulijua la Shields.

Shields alikuwa na miaka 17. Miezi michache kabla yake, kwenye mashindano ya dunia huko Qinhuangdao, Uchina, alipoteza kwa Mwingereza aitwaye Savannah Marshall. Likumbukeni jina hilo. Katika ngumi zote za ridhaa alizopigana, hilo ndilo pambano pekee alilopoteza. London akafika fainali, akamkuta Nadezda Torlopova wa Urusi, mwanamke aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 15, akampiga kwa pointi 19 kwa 12. Dhahabu.

Akarudi Flint akisubiri simu. Wenzake wa michezo mingine waliorudi na dhahabu za London walikuwa wanaonekana kwenye matangazo ya nafaka za asubuhi, viatu na vipodozi. Kwake simu haikulia. Watu wa karibu na timu wakamshauri abadilishe namna anavyoongea, aache kusema hadharani kwamba anapenda kuwapiga watu, maana wadhamini wanataka msichana mlaini. Yeye akauliza, na mimi nauliza pamoja naye: bondia mwanamume akisema hivyo mbona mnamnunulia gari? Akakataa kubadilika. Kukataa huko kulimgharimu fedha, tena fedha nyingi, na alikuwa binti mdogo ambaye nyumbani kwao bili zilikuwa zikimsubiri yeye.

Akarudi mazoezini miaka minne mingine. Akachukua ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 2014, na tena mwaka 2016. Kisha Rio, Agosti 2016, fainali dhidi ya Nouchka Fontijn wa Uholanzi, akashinda tena. Akawa bondia wa kwanza wa Marekani, awe mwanamume au mwanamke, kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki mfululizo. Pale jukwaani, baada ya kuvishwa medali mpya, aliingiza mkono mfukoni akatoa ile ya London, akaivaa pia. Zikakaa mbili kifuani. Nimeirudia picha ile mara nyingi. Wengine walisema anajigamba. Mimi naona mtu aliyekuwa anatoa risiti. Mara ya kwanza mlisema hamjaona, sasa tazameni zote mbili.

Tuje kwenye ngumi za kulipwa.

Pambano lake la kwanza lilikuwa tarehe 19 Novemba 2016 huko Las Vegas, dhidi ya Franchon Crews, kwenye mapambano ya utangulizi ya usiku wa Andre Ward na Sergey Kovalev. Raundi nne, akashinda kwa pointi. Nataka mwangalie hapo kidogo. Mtu ana dhahabu mbili za Olimpiki, anaanza kwenye utangulizi, ukumbi bado unajaa, watu wanatafuta viti vyao. Mwanamume mwenye rekodi kama hiyo angeanza na jina lake juu kabisa ya bango. Na mpinzani wake Crews hakuwa kibonde. Miaka iliyofuata naye akawa bingwa asiyepingika, yaani aliyeshika mikanda yote minne mikubwa ya dunia, wa uzani wa super middle. Shields hakupewa watu wa kupasha misuli. Hata hivyo, pambano la pili tu, Machi 2017 huko Detroit dhidi ya Szilvia Szabados wa Hungaria, lilikuwa pambano kuu la usiku kwenye kituo cha Showtime, jambo ambalo wanawake hawakuwa wamewahi kupewa kwenye vituo vya kulipia vya Marekani. Agosti mwaka huohuo, kwenye pambano lake la nne, akamsimamisha Nikki Adler wa Ujerumani raundi ya tano na kuondoka na mikanda ya super middle ya WBC na IBF, mawili kati ya mashirika makubwa manne ya ngumi duniani.

Mabinti, naomba mtazame pambano lake la Juni 2018 dhidi ya Hanna Gabriels wa Costa Rica. Raundi ya kwanza, Gabriels alimtandika konde la kutoka chini likamkuta kidevuni, Shields akaenda chini. Hakuwa amewahi kuangushwa. Akainuka, refa akahesabu, na baada ya hapo angalieni mguu wake wa mbele. Alifupisha hatua. Hakukimbia kulipiza, alikaa nyuma ya jebu mpaka kichwa kikatulia, kisha raundi ya pili akaanza kuufanyia kazi mwili wa Gabriels, kulia mbavuni, kushoto tumboni, akaurudia huo mwili mpaka mikono ya mwenzake ikaanza kushuka. Akashinda kwa pointi za majaji wote. Mwanafunzi wangu akiangushwa mazoezini huwa anafanya kinyume, anarudi na hasira anarusha makonde ya mbali, na anapigwa tena. Tutaitazama pamoja mchana, nimeileta kwenye simu.

Aprili 2019 huko Atlantic City akakutana na Christina Hammer wa Ujerumani, aliyekuwa hajashindwa na mwenye mkanda wa WBO, shirika jingine kati ya yale manne. Pambano lilikuwa lipigwe Novemba iliyotangulia, Hammer akaugua, likasogezwa. Shields alimshinda waziwazi na kukusanya mikanda yote minne ya uzani wa kati. Mwanzoni mwa 2020 akashuka mpaka kilo 69.9 na kumshinda Ivana Habazin wa Kroatia, akawa bingwa wa madaraja matatu katika pambano lake la 10 tu. Hakuna bondia, wa kiume wala wa kike, aliyekuwa amefika huko kwa mapambano machache kama hayo. Hilo la Habazin nalo lilichelewa. Lilikuwa lipigwe Flint, Oktoba 2019, likafutwa baada ya kocha wa Habazin kushambuliwa siku ya kupima uzito mpaka akalazwa hospitali. Ilikuwa aibu kubwa kwa kambi ya Shields, na sitaifunika kwa sababu tu tunampenda mtu.

Swali ambalo wazazi huniuliza ni kwa nini alipanda na kushuka hivyo, kilo 76, 72, 69, halafu tena juu. Jibu ni kazi. Kwenye ngumi za wanawake, hasa uzani mkubwa, wapinzani ni wachache. Mwanamume bingwa anaweza kukaa kwenye daraja moja miaka minane akila mshahara wake. Mwanamke akishawamaliza watu wanne wenye mikanda, promota hana wa kumuuza tena, televisheni inaaga. Kwa hiyo Shields aliwafuata wapinzani walipo. Kila kushuka uzani ni wiki za kujinyima na hatari kwa figo na kwa ubongo, maana kichwa kilichokauka maji hakistahimili konde. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa mwanamke katika soko lile, na kwenye mkataba haiandikwi popote.

Halafu kuna suala la dakika. Mapambano ya ubingwa wa wanawake ni raundi 10 za dakika mbili mbili. Ya wanaume ni raundi 12 za dakika tatu. Piga hesabu: dakika 20 kwa 36. Promota akiulizwa mbona malipo ya mwanamke ni kiduchu, anajibu kwamba anafanya kazi kwa muda mfupi. Akiulizwa mbona basi asimwongezee muda, anasema ni kwa afya ya huyo mwanamke. Akiulizwa mbona KO, ushindi wa kumwangusha mpinzani asiinuke, ni chache, anasema wanawake hawapigi kwa nguvu, ilhali mtu anayepata sekunde 120 humjeruhi mwenzake mwishoni mwa raundi na kengele inalia. Shields amelisema hili miaka yote. Oktoba 2023 Amanda Serrano wa Puerto Rico alipigana raundi 12 za dakika tatu na Danila Ramos wa Brazil huko Orlando. Shirika la WBC likakataa kuidhinisha, likitaja usalama, na Serrano akaamua kuurudisha mkanda wao. Najua kuna madaktari wenye hofu ya kweli juu ya mtikisiko wa ubongo kwa wanawake, na hofu hiyo naiheshimu kwa sababu nimekaa na mabinti wenye kichwa kinachouma wiki nzima baada ya pambano. Lakini kama ni usalama, mbona madaktari hawaletwi kwenye mapambano ya raundi sita ya wasichana wetu? Usalama usikumbukwe tu inapofika zamu ya kulipa.

Machi 2021, wakati wa korona, Shields akataka kupigana na Marie-Eve Dicaire wa Kanada, kukusanya mikanda yote ya kilo 69.9. Vituo vikubwa vya televisheni havikumpa nafasi. Yeye na promota wake Dmitriy Salita wakaliandaa wenyewe kama pambano la kulipia kutazama, wanawake ndio wakiwa vichwa vya bango, jambo ambalo halikuwa limefanyika Marekani tangu Laila Ali alipopigana na Jacqui Frazier mwaka 2001. Wakalipeleka Flint, nyumbani. Akashinda kila raundi kwa majaji wote na kuwa bondia wa kwanza wa zama hizi za mikanda minne, mwanamume au mwanamke, kuwa bingwa asiyepingika kwenye madaraja mawili. Miezi mitatu baadaye alikuwa kwenye ngome ya MMA, mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, mchezo asioujua, kwa sababu huko walikuwa wamempa mkataba wa maana. Akashinda la kwanza dhidi ya Brittney Elkin, akapoteza la pili kwa Abigail Montes wa Mexico. Watu wakamcheka. Mtu anayeacha fani aliyoitawala ili akajifunze kuanguka kwenye mkeka, kwa ajili ya kipato, hachekwi hata kidogo.

Kisha ikaja Oktoba 2022 na Savannah Marshall. Miaka 10 imepita tangu Uchina. Marshall naye sasa ni bingwa wa WBO, hajashindwa, anawaangusha watu, na kila mahojiano anamkumbusha Shields ile siku. Pambano lilipangwa Septemba, Malkia Elizabeth akafariki siku mbili kabla, likasogezwa mpaka tarehe 15 Oktoba. Ukumbi wa O2 jijini London, bango zima la usiku ule ni wanawake watupu, na ukumbi ukajaa. Mashabiki walikuwa wa Marshall. Shields akaingia ndani ya mikono mirefu ya mwenzake raundi baada ya raundi, wakabadilishana makonde ambayo hata mimi niliyetazama kwenye skrini ndogo niliyasikia mwilini. Majaji wote wakampa Shields, 97 kwa 93 mara mbili na 96 kwa 94. Miezi michache kabla ya hapo, Katie Taylor wa Ayalandi na Amanda Serrano walikuwa wamejaza Madison Square Garden, New York. Baada ya mapambano hayo mawili, sijui promota gani anaweza kusimama na kusema wanawake hawauzi tiketi.

Na yeye akalipeleka soko nyumbani. Juni 2023 alimpiga Maricela Cornejo kwenye ukumbi wa Little Caesars Arena huko Detroit, ambao kawaida ni wa mpira wa magongo na kikapu. Julai 2024 hapohapo akapanda mpaka uzito wa juu, akamsimamisha Vanessa Lepage-Joanisse wa Kanada raundi ya pili, akafikisha madaraja matano. Februari 2025 akamshinda Danielle Perkins huko Flint, na kumwangusha raundi ya mwisho, akawa bingwa asiyepingika wa uzito wa juu, daraja lake la tatu la kuwa asiyepingika. Julai akamshinda Lani Daniels wa New Zealand. Mwishoni mwa mwaka 2025 ukatangazwa mkataba wake mpya wa dola milioni 8. Miaka 13 baada ya London.

Miaka 13! Huo ndio muda uliochukua kwa mwanamke ambaye hajashindwa hata pambano moja la ngumi za kulipwa, mwenye pasipoti ya Marekani, anayeongea Kiingereza mbele ya kamera, ambaye nyumba yake iko saa moja na kidogo kutoka Detroit. Sasa mfikirieni binti wa Kisauni, Mombasa.

Ndiyo maana nataka tumtaje Fatuma Zarika. Tarehe 1 Oktoba 2016, wiki chache kabla Shields hajapigana ngumi za kulipwa kwa mara ya kwanza, Mkenya huyu alisafiri mpaka Flint, mji uleule, akapigana na Alicia Ashley, mzaliwa wa Jamaika aliyeushika mkanda wa WBC wa super bantam. Ugenini, majaji wa ugenini, uamuzi uliogawanyika, na akashinda. Akarudi Nairobi na mkanda wa dunia wa kijani. Desemba 2017 akautetea jijini Nairobi dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, bingwa wa zamani wa bantam. Mwaka 2018 akaenda Mexico akamshinda Yamileth Mercado nyumbani kwake. Machi 2019 akampiga Phiri tena hapa Kenya. Novemba 2019 akarudi Mexico, safari hii Mercado akauchukua mkanda. Miaka mitatu bingwa wa dunia. Zarika ni mama, aliingia kwenye ngumi akiwa bado msichana mdogo, na alipigana miaka zaidi ya 15 kabla dunia haijamwona. Niambieni, katika miaka hiyo mitatu mlimwona kwenye matangazo mangapi? Mabango ya barabarani yalikuwa na nani?

Kabla yake alikuwepo Conjestina Achieng, Conje wetu wa Siaya, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifanya nchi nzima ikae mbele ya televisheni kumtazama mwanamke akipigana uzani wa kati. Alipougua, maradhi ya akili, yaliyofuata yalikuwa michango ya mitandaoni, picha alizopigwa bila mtu kumuuliza kama anataka kupigwa, na ahadi za wakubwa. Bingwa hakuwa na bima ya afya inayofaa wala pensheni, wala chama kilichosema huyu ni mfanyakazi wetu. Sitaongeza zaidi kwa sababu ni dada yetu na heshima yake ni yake. Lakini mzazi akiniambia anaogopa binti yake atamalizikia vile, sina la kumjibu zaidi ya kusema kwamba ndiyo, inawezekana, mpaka tubadilishe namna tunavyoandika mikataba.

Nimeshika mikataba hii kwa mikono yangu. Mmoja ulikuwa nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mraba, umeandikwa kwa kalamu ya bluu: jina la bondia, tarehe, "raundi 6", na kiasi cha fedha kilichokatwa na kuandikwa upya juu yake. Hakukuwa na jina la mpinzani, wala nani analipa nauli, wala nani analipa daktari ikiwa ataumia. Binti alipanda basi la usiku kwenda Nairobi akiwa amevaa mfuko wa nailoni ndani ya sweta, anatema mate kwenye chupa ili afikie uzani, kwa sababu mpinzani alibadilishwa siku mbili kabla na huyo mpya alikuwa mwepesi zaidi. Alipigana, akashinda. Baada ya pambano promota akasema tiketi hazikuuza, chukua nusu, nyingine tutaonana. Hawajaonana mpaka leo.

Kwa hiyo, mabinti, mkiangalia video za Shields msiangalie makonde peke yake. Angalieni kwamba alipokosa televisheni alitafuta njia nyingine ya kuuza pambano. Angalieni kwamba anataja malipo yake hadharani bila haya, wakati sisi tumelelewa tukiambiwa mtoto wa kike mwenye heshima haulizi bei. Uliza. Uliza kabla hujaanza kukimbia barabarani saa kumi na moja alfajiri. Mpinzani ni nani, ana rekodi gani, tunapigana kilo ngapi, raundi ngapi za dakika ngapi, nusu ya malipo inaingia lini kwenye simu, daktari ni nani, na gari la wagonjwa litakuwepo ukumbini au tutaita teksi. Akibadilishwa mpinzani, mkataba unasemaje? Kama hausemi kitu, usipande basi.

Wazazi, ninyi nendeni na binti siku ya kusaini. Si lazima ujue ngumi. Kaa tu pale mezani, soma, na ukiona mahali pameachwa wazi, uliza. Promota humheshimu mama aliyekaa na miwani yake akisoma mstari kwa mstari kuliko anavyomheshimu kocha. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Makocha wenzangu, tukubaliane leo kwamba hakuna klabu yetu itakayotoa msichana kwa pambano la mkataba wa mdomo, na klabu moja ikikataa, nyingine isikimbilie kuchukua nafasi ile. Promota anatushinda kwa sababu anajua tutapigana sisi kwa sisi kwa ajili ya nafasi moja kwenye bango. Ninayo karatasi ya mfano, kurasa mbili, kwa Kiswahili chepesi, wakili mmoja alitusaidia bila malipo. Nimeitoa nakala za kutosha, ziko pale mlangoni kwenye boksi la soda.

Na kwa maandalizi ya mapambano ya Disemba, waandaaji wako hapa, nimewaona safu ya tatu. Kuna mapambano mawili ya wasichana kwenye bango lenu. Tungependa kusikia sasa hivi, kabla hatujaenda kula, ni ya raundi ngapi, na kila mmoja wao analipwa shilingi ngapi ukilinganisha na wavulana wa raundi hizohizo. Kipaza sauti kiko huru. Karibuni.